Kibanda cha Chatu wa Itebero

Mume wangu Gustave ana mikono miwili mizuri na kichwa kimoja kigumu, na nilidhani nimeshakijua kichwa hicho chote. Tumekaa pamoja miaka mingi hapa Mushaki, tukilima viazi na maharagwe kwenye kilima cha baba yangu, na nimemzoea: anavyovaa makoti mawili mwezi wa saba, anavyolalamikia baridi utadhani ni mimi ninayeipuliza. Yeye ni mtu wa Itebero, chini kabisa kwenye msitu wa Walikale, ambako watu hutembea kutwa chini ya miti huku jasho likiwatoka. Mapenzi ndiyo yaliyompandisha kwenye ukungu wetu. Na kwa kuwa mapenzi hayo ni mimi, malalamiko yote ya baridi huletwa kwangu.

Mwaka jana baba yake alifariki, naye akaenda Itebero kwenye matanga. Alikaa huko wiki nyingi, kisha akarudi kwa pikipiki, anashuka hii anapanda ile, ametapakaa tope, amekumbatia gunia la ngazi, yale matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese. Nilifurahi kumwona, nikafurahia na gunia, nikalimwaga jikoni palepale ili ngazi zisianze kuoza. Pamoja na ngazi kikatoka kitu kirefu kama mkono wangu, chenye madoa ya kahawia, kikaanguka sakafuni na kulala hapo kimekakamaa. Nilikuwa nimeshashika panga kabla sijaelewa ninachokiona. Alikuwa chatu mtoto.

Gustave alisimama kati ya panga na nyoka. Nikamwambia asogee, hakusogea. Alichuchumaa, akamwokota yule mnyama kwa mikono miwili, akamtia ndani ya koti la kwanza, na lile la pili akalifunga juu yake.

"Huyu iko mugeni," alisema. "Ametoka kwetu, njo maana baridi imemushika vile."

Nilimkumbusha kwamba kwao chatu ni kitoweo, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyenisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimpika kwa mawese na pilipili. Hakubisha. Alisema tu kwamba mtu akiwa kwao anakula vitu vingi, lakini akiwa ugenini hawezi kumla wa kwao. Nikaliweka panga chini.

Hapa niseme kilichokuwa kikininyima raha siku zile, maana hakikuwa nyoka. Mimi na Gustave tulikuwa na ndoa ya nyumbani tu. Mahari ililetwa na mjomba wake, mwaka ambao barabara ya Walikale ilikuwa haipitiki kwa mzee kama baba yake, na padri hakuwahi kutubariki. Kwa hiyo kila Jumapili watu walipojipanga kwenda kukomunika, mimi nilibaki kwenye benchi nikikunja magoti ili wapite. Wapo waliopita wakinitazama kwa huruma, na hao ndio niliowachukia zaidi. Niliumia, sifichi. Nilitaka nami siku moja ninyanyuke, nijipange mstari pamoja na wengine.

Padri alikuwa ametangaza kwamba siku ya Pentekoste atabariki ndoa kadhaa kwa pamoja, mradi kila shirika liwatolee ushahidi watu wake. Shirika ni sisi Wakristo wa kilima kimoja, tunaosali kila wiki nyumba kwa nyumba. Na kiongozi wa shirika letu, ambaye bila neno lake hakuna ushahidi, alikuwa baba yangu mzazi, Athanase Hakorimana.

Mtu atasema basi, shida iko wapi. Huyo hamjui baba yangu. Nilipomwendea mara ya kwanza, ng'ombe alikuwa anaumwa. Mara ya pili maharagwe yalikuwa hayajapurwa. Mara ya tatu alisema anasikia kichwa kizito, nami nikamjibu kwamba kichwa chake kilikuwa kizito hata kabla sijazaliwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Sababu ya kweli niliijua ingawa hakuwahi kuitamka. Wajomba wa Gustave walikuwa wanapiga simu tangu matanga, wakisema mashamba ya marehemu yanamngoja mwenyewe. Gustave aliwajibu "tutaona". Mimi nilipomuuliza, aliniambia pia "tutaona". Na baba aliamini kwamba siku padri akishatufunga, mwanamume wa msitu atachukua mke wake halali na kuondoka naye. Padri asipobariki, mimi bado ni wa kwake. Ndiyo hesabu aliyokuwa akiifanya, na Pentekoste ilikuwa inakaribia.

Basi, katika hali hiyo, mimi ndiye niliyeletewa chatu. Niliweka sheria moja nyumbani: mtu yeyote asijue mpaka tuwe tumebarikiwa. Hapa kwetu nyoka akionekana uani huuawa kwanza, halafu ndipo watu huulizana ametoka wapi. Na jirani yetu ni Mama Emérita, anayechoma mahindi kando ya barabara ya kwenda Masisi. Habari akipewa Mama Emérita asubuhi, itafika Sake kabla ya lori.

Nyumba ya kwanza ya mgeni ilikuwa kreti ya bia, iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua. Kesho yake kreti ilikuwa tupu. Nilimkuta jikoni kati ya mafiga, amejikunja kwenye jivu lililobaki na joto, na kwa kweli alionekana ameridhika kuliko mume wangu. Nyumba ya pili ilikuwa beseni lenye kifuniko, lililotobolewa matundu kwa msumari wa moto. Humo alikaa, ila beseni lilitoka jasho ndani, majani yakalowa, na ngozi yake ikaanza kuwa na madoa mabaya yasiyokuwa yake. Gustave akaacha kula vizuri. Nilipokuwa na homa ya wiki nzima mtu huyu alikula vizuri tu, lakini nyoka kupata madoa kulimkosesha hamu.

Akaenda pale wanapochajisha simu kwa mitambo ya jua, akanunua megabaiti, akatazama video ya mzungu mmoja mwenye chatu ndani ya kabati la kioo. Alirudi akanihubiria kama padri. Nyumba ya nyoka, alisema, inatakiwa upande mmoja uwe na joto na upande mwingine uwe baridi, ili mwenyewe achague. Iwe na mahali pa kujificha, maana nyoka akionekana pande zote anateseka moyoni. Iwe na maji, iwe kavu, mlango ufungwe kweli, na asilishwe kila siku wala asishikwe akishakula. Nilimuuliza yule mzungu joto analipata wapi. Akasema kwenye taa ya umeme. Tukatazamana, kisha tukatazama mshumaa wetu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana Gustave huisimulia sehemu hii kana kwamba ni yeye. Dawa niliitoa mimi. Mimi ni mtoto wa mfugaji, na nilipokuwa mdogo asubuhi za ukungu tulikuwa tunasimama bila viatu juu ya lundo la mbolea kwa sababu linachemka lenyewe kwa ndani. Samadi mbichi ukiichanganya na nyasi na kuishindilia, hupata moto bila kiberiti, na hukaa na moto huo siku nyingi. Nikamwambia achimbe shimo nyuma ya jikoni, alijaze samadi, alifunike kwa sakafu ya udongo, na nyumba ya nyoka aijenge juu yake, nusu ikae kwenye shimo na nusu ikae kwenye ardhi tupu. Alinitazama kama siku ile ya kwanza tulipoonana sokoni Sake. Sijui ni wanawake wangapi hutazamwa hivyo kwa ajili ya mavi ya ng'ombe.

Alijenga siku kadhaa. Kuta za mbao zikakandikwa udongo ndani na nje. Juu akaezeka nyasi nene ili mvua isiingie wala joto lisitoke. Ndani akaweka gogo lenye shimo, majani makavu ya migomba, na kisahani cha udongo cha maji. Mlango ulikuwa mdogo, chini kabisa, wenye wavu wa waya na makomeo mawili, kwa sababu ya yale ya kreti. Kipimajoto alikiazima kwa Kanyamibwa, anayetengeneza jibini huko juu ya barabara. Siku ya kwanza joto lilipanda mpaka nikamwambia kwamba sasa kilichobaki ni pilipili tu. Alipunguza samadi, akaongeza udongo, akapima tena na tena, hadi upande wa joto ukatulia pale mzungu alipotaka. Kanyamibwa aliporudishiwa kipimajoto alikinusa kwa muda, akauliza hayo yalikuwa maziwa ya mnyama gani.

Ilikuwa nyumba nzuri, niseme haki. Chatu aliingia, akazunguka pande zote taratibu, akajitia kwenye gogo, na baada ya siku chache madoa mabaya yakaanza kuondoka. Hata panya wa ghala la maharagwe, ambao miaka yote walikuwa hasara tupu, walipata kazi. Nilimpongeza mume wangu kwa kumjengea nyoka nyumba isiyovuja wakati sisi tunalala na sufuria chini ya tone. Akaniahidi kwamba paa letu litafuata. Bado nalingoja.

Ila hakuna kati yetu aliyerudi nyuma hatua chache na kutazama tulichokijenga. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, yeye hakukulia hapa. Lakini wazee wa Mushaki waliopita kwenye njia ya juu walitazama mara moja tu wakajua. Kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba. Mlango wa chini, wa kupigia magoti. Kisahani ndani. Na mwanamume aliyefiwa na baba yake juzi tu, anapiga magoti asubuhi na jioni, anaingiza kichwa mlangoni na kuongea kwa lugha ya kwao. Ni kweli alikuwa anaongea. Alikuwa anampa nyoka habari za Itebero alizopigiwa simu, kwa sababu mimi lugha ile siifahamu. Lakini machoni pa wazee hiyo ilikuwa indaro, kile kibanda ambacho babu zetu waliwajengea wafu wao kabla ya misheni, wakaenda kuwasalimia na kuwapelekea pombe.

Habari ilimfikia Mama Emérita, naye akaitia chumvi. Kufikia Jumapili ilikuwa inajulikana kotekote kwamba Gustave ameleta mzimu wa baba yake kutoka Itebero ndani ya gunia. Kwa upande wa gunia hakukosea sana.

Nilibanwa kotekote. Nikisema si mizimu, wataniuliza basi ni nini. Nikisema ni chatu, watakuja na mapanga. Nilinyamaza, na watu wanaonijua walipoona nimenyamaza wakaamini kila kitu.

Siku moja ya soko nilikuwa nimeshateremka nusu ya kilima nikakumbuka nimesahau chupa ya maziwa, ile ya plastiki ya kupimia. Nikarudi kwa njia ya juu. Nilipofika nyuma ya jikoni nikasikia sauti ya mwanamume, si ya Gustave. Nikajibanza ukutani. Baba yangu, kiongozi wa shirika, mtu ambaye hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu mavuno, alikuwa amekaa chini kwenye nyasi mbele ya kibanda cha chatu. Alikuwa amevua kofia. Mbele yake kulikuwa na kibuyu chake cha kasiksi, pombe ya ndizi anayoletewa kutoka mabondeni na ambayo hagawi kwa mtu ovyo.

"Bamwana," alisema. Ndivyo wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana kwetu. "Bamwana, siye hatukuonanaka. Barabara ilikuwa mubaya, ukabakia kule, na mimi nikabakia huku. Sasa nasikia mutoto alikujengea nyumba. Ni vizuri. Nimekuletea kidogo ya kukata kiu."

Akainamisha sikio mlangoni, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Nilitaka kucheka. Ndani mle najua alikuwa amelala chatu aliyeshiba panya mmoja mnene.

"Niko na neno moja tu," baba akaendelea. "Batoto bangu bote vita ilibamwaga. Mumoja iko Goma, mwengine iko Uganda mu kambi, mwengine hata sijue. Nilibakia na huyu Constance, na mudomo yake. Unisaidie, bamwana. Usiite kijana yako arudie kule. Ukimuita yeye, na huyu ataenda."

Kicheko kiliniisha. Nilirudi barabarani kimyakimya, nikasimama nyuma ya miti ya ua, na nililia kwa hasira, kwa sababu mzee huyo huyo nilipomuuliza kuhusu ndoa alinijibu habari za ng'ombe. Baadaye nilipiga kelele za kutosha njiani ili anisikie ninakuja, lakini nilipofika alikuwa ameshaondoka. Kibuyu kilikuwa mlangoni pa kibanda.

Aliendelea kuja, kila siku ya soko alipojua niko mbali. Ningefanya nini? Ningemwambia kwamba bamwana wake hana masikio? Asingerudi tena, wala asingenitazama usoni mpaka kufa, na ushahidi wa shirika ningeusahau. Nikamwacha. Jioni nilikuta kibuyu kitupu nikadhani baba ndiye anayekimwaga chini kama walivyofanya wa zamani. Mume wangu naye alikuwa ananukia kasiksi jioni hizo, akasema ni dawa ya baridi, na mimi nilikuwa na siri yangu ya kulinda kiasi kwamba sikumuuliza zaidi.

Wiki moja kabla ya padri kufunga orodha ya maharusi, zamu ya sala ilifika kwetu. Shirika zima liliketi sebuleni, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikeka. Baba aliongoza rozari kwa sauti ya kawaida. Tulipomaliza, nikasimama mwenyewe, maana nilikuwa nimechoka kungoja, nikaomba mbele ya wote kwamba shirika litutolee ushahidi wa ndoa. Baba alitazama sakafu. Kabla hajapata ng'ombe wa kuumwa, Mama Emérita alisimama.

"Mimi sina neno mubaya na Constance," alisema. "Lakini nyuma ya jikoni kuko kibanda ya mizimu, na ku mulango yake kunawekwaka kibuyu ya kasiksi. Bantu babili baliiona. Padri atabariki nini pale, ndoa ao mizimu? Gustave aibomoe kwanza, njo tuongee."

Watu wakanong'ona. Nilimwona Gustave anaanza kuinuka, nami moyoni nikasema basi, kumekwisha. Akisema ukweli, baba atajua mbele ya kilima kizima kwamba amekuwa akimpelekea nyoka pombe. Asiposema, mimi nitazeekea kwenye benchi. Nilimvuta koti. Lakini aliyeongea wa kwanza hakuwa yeye.

"Ile kibuyu ni yangu," baba yangu alisema.

Alikuwa bado ameketi, rozari mkononi. Mama Emérita alibaki amesimama na mdomo wazi.

"Ni mimi niliipelekaka pale. Kijana hakunituma. Nilienda kusalimia papa yake, juu alikufa hatujaonana, na mutoto wangu iko mu nyumba ya mutoto wake. Kama ni zambi, muihesabu kwangu. Musiihesabu kwa hawa batoto. Hata kazi ya kukamata shirika, mukitaka, mupatie mwengine."

Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile, na sijawahi kumwonea huruma kama dakika iliyofuata. Gustave alisema kwa upole kwamba afadhali watu waje waone. Akatoka, na shirika lote likamfuata, baba nyuma kabisa. Alipiga magoti kama kawaida yake, akafungua makomeo mawili, akaingiza mkono kwenye gogo na kumtoa chatu, ambaye sasa alikuwa amerefuka na kunenepa kwa panya zetu. Shirika lilitawanyika. Msomaji wetu wa Injili, mtu mzito, nilimwona juu ya ukuta wa mawe na mpaka leo sijui alipandaje. Mmoja aliita panga, na Kanyamibwa, ambaye alikuwa ameshaelewa habari ya kipimajoto, akamwambia atulie.

Baba peke yake hakukimbia. Alimtazama nyoka, akatazama mlango, akatazama nyasi pale alipokuwa akikaa. Uso wake ulizeeka.

Gustave alimrudisha chatu ndani, akafunga, akapangusa mikono. Kisha akabaki pale pale kwenye magoti, akamgeukia baba.

"Papa, mule hamuna muzimu ya papa yangu. Ni nyoka tu, nilimujengea juu ya baridi. Unisamehe sikukuambia." Akapangusa tena mikono kwenye koti. "Lakini ile kasiksi, nyoka hakunywaka. Nilinywaka mimi. Siku ya soko nabakiaka hapa, nyuma ya ile ukuta ya mawe, kuchanganya mbolea. Maneno yako nilisikia yote."

Hakuna aliyecheka. Yule wa ukutani akashuka taratibu, asikose neno.

"Papa yangu alikuwaka muntu ya heshima," Gustave akasema. "Hawezi kunywa kasiksi ya bamwana yake na kunyamaza. Basi mimi nitajibu pa fasi yake. Anasema, bamwana, aksanti. Mashamba ya Itebero, bajomba balime. Kijana atabakia huku, ku baridi yenu. Na mutoto wako hatatoka hapa, yeye na mudomo yake."

Hayo yalikuwa mapya hata kwangu. Miezi yote niliyoambiwa "tutaona", yeye alikuwa ameshaona, na alikuwa anatafuta tu mtu wa kumjibu. Na kuyaacha mashamba ya baba yake hakukuwa jambo dogo kwake. Nilijua vizuri kuliko wote pale, maana nilikuwa nimemsikia akimsimulia nyoka usiku na mchana kwa lugha nisiyoifahamu, na sauti haihitaji tafsiri.

Baba alivaa kofia yake. Kisha akamwinamia Gustave, akamshika bega, na kuongea kwa sauti ndogo kama wanavyoongea wakubwa wakikubaliana jambo la ukoo.

"Umuambie nimesikia," alisema.

Tulirudi ndani. Watu waliketi tena, ingawa safari hii viti vya karibu na mlango viligombaniwa. Baba akasimama, akataja majina yetu mawili kamili, la kwangu na la Gustave, akasema anatushuhudia mbele ya Mungu na mbele ya shirika, na akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Mimi nililia pale mbele yao wote, machozi na kamasi, bila aibu. Mama Emérita aliwaambia watu wa barabarani kwamba nililia kwa kuogopa nyoka, na sikumsahihisha.